Chupa Iliyopokelewa Bila Kuulizwa

Nyumba ipo. Tuanze hapo, maana najua watu wanavyopokea kisa kama hiki: mchana wanacheka, usiku wanahakikisha dirisha limefungwa. Ukifika Butembo, panda uingie Kimemi, mwambie mwendesha moto yeyote, yaani pikipiki, akupeleke kwenye farmasi ya zamani. Hatakuuliza namba ya mtaa. Utaona matofali ya kuchoma, baraza lenye nguzo nene, na msalaba wa kijani uliopauka ukutani. Mimi nilizaliwa katika chumba cha nyuma. Na yaliyonipata mbele, penye kaunta, yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu zote, sijaonja hata tone la pombe ya kasiksi.

Nikikohoa katikati ya maneno utanisamehe. Utaelewa.

Kwanza uijue nyumba yenyewe. Ilijengwa na mzungu mmoja wakati wa mashamba makubwa ya kahawa. Baba yangu alikuwa mchanganyaji wake wa dawa, na mzungu alipoondoka kwa haraka, kama walivyoondoka wengi, baba alibaki na funguo, mizani na kazi. Nyuma ya kaunta ukuta mzima ni rafu ya mvule iliyotobolewa vitundu vya duara, kila kitundu na chupa yake. Chupa nzito za kahawia, zenye alama ya nyumba chini ya kitako. Siku hizo chupa ilikuwa kitu adimu. Ulikuja kuchukua siro, dawa ya maji ya kifua, ukaenda nayo Lubero au Kamango huko, na mgonjwa akipona uliirudisha.

Na hapa ndipo palikuwa na desturi ambayo sijaiona katika farmasi nyingine yoyote, na nimetembea, niamini. Mtu akiingia na chupa mkononi, baba aliweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama askari aliyeambiwa apumzike, akauliza, "Amepona?" Wakijibu "Amepona," ndipo aliponyoosha mkono, akaipokea, akaiosha kwa maji ya moto na kuirudisha katika kitundu chake. Wakijibu "Bado," hakuigusa. Mwenye chupa aliishika mwenyewe juu ya kaunta, baba akaijaza kutoka katika jagi. Na wakijibu "Amepumzika," aliwapa pole, akawaambia wakaiweke juu ya kaburi. Ndiyo maana rafu ile ina mapengo. Kila pengo ni mtu.

Sisi watoto tulimcheka. Yaya Masika, dada yangu mkubwa, alikuwa na ufundi wa kumwigiza: mikono nyuma, tumbo mbele, "Amepona?" hata kwa mbuzi. Siku moja nilimuuliza baba kwa nini hapokei kwanza ndipo aulize, kama watu wenye haraka. Akasema, "Chupa inayorudi kabla mutu hajapona, hairudi peke yake."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Miaka ikapita. Baba alikufa, nami nikawa mtu wa barabara. Nimekuwa msaidizi kwenye malori ya Kisangani, nimechimba dhahabu upande wa Mambasa, nimenunua kakao Kamango, nimeuza nguo kuukuu mpakani. Kila nilipolala nilikumbuka harufu ya kafuri na mikaratusi ya chumba kile cha nyuma, na kila nilipokikaribia nilitamani kuondoka tena. Sijui kama unawajua watu wa namna hiyo. Wakati wa mambo haya nilikuwa nimepanga chumba Beni.

Paluku, kaka yetu mkubwa, anayefanya biashara Kampala, akanipigia simu.

"Mudogo, ile nyumba ya baba iko inaoza. Kuko mufanya-biashara anataka kiwanja, aweke etaji, nyumba ya gorofa. Masika amekatala. Lakini wewe na mimi tukikubali, yeye atafuata tu."

Ndivyo ilivyo kwetu: wawili wakikubaliana, wa tatu ananyamaza. Kwa hiyo nyumba ile ilibaki ikining'inia juu ya sahihi yangu mimi, mtu ambaye hata kitanda chake si chake. Sikukataa. Nilisema nitakwenda kuzungumza na Masika kwanza. Lakini karatasi ya mauzo aliyonitumia nilikuwa nayo, na kalamu pia.

Masika alinipokea mlangoni, kitambaa cha kusugulia sakafu begani.

"Haa! Muone musafiri. Ulipotea njia, ao ni njaa ilikuleta?"

"Niliwaza wewe, yaya."

"Wewe? Uliwaza sombe yangu." Akanikumbatia kwa nguvu, kisha akanipapasa mfuko wa shati. "Na hii bic ni ya kuandika barua kwa bibi gani? Ao Paluku ndiye alikupatia?"

Niliifunika kalamu kwa kiganja. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, bila kumtaja Paluku wala nyumba. Yeye bado alikuwa akifungua farmasi: vidonge vya kichwa, bandeji, dawa za minyoo, vitu vidogo. Sakafu ya saruji nyekundu aliisugua kwa nta mpaka unaona uso wako. Ukikanyaga na viatu vya mvua unaacha alama, naye anakufuata na kitambaa akikutukana kwa Kinande.

Kesho yake alasiri ukungu ulishuka. Wewe usiyejua Butembo, ukungu wetu hauji kutoka mbali. Unasimama tu ghafla barabarani kama mtu aliyekuwa amekaa. Mvua nyepesi ikafuata. Masika akavaa kitenge chake kizuri.

"Naenda ku shirika, tuko na sala kwa mama mugonjwa. Ubakie ku kaunta. Ukisinzia, batakuiba hata weye mwenyewe."

Akatoka. Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu tumegombana juu ya jambo hili mpaka leo. Yeye anasema kwamba, akiwa amekwisha kufungua mwavuli, aligeuka akaniambia, "Mutu akileta chupa, unajua cha kufanya." Mimi nasema hakusema kitu. Nilimtazama mpaka akamezwa na ukungu, na mdomo wake haukufunguka tena.

Nilibaki peke yangu na karatasi ya Paluku juu ya kaunta. Nilikuwa nimeinamia, natafuta mahali pa kuweka jina, niliposikia mtu anapumua.

Alikuwa ndani tayari. Mzee mwembamba, kofia ya sufu, sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko cha kushoto. Sikusikia mlango, na mlango ule unalia kama nguruwe. Nilijiambia: huyu ametumwa. Ama na Masika, anitishe nisiuze, ama na yule mfanyabiashara, aje kupima kuta.

"Karibu, muzee. Unatafuta nini?"

"Sitafute kitu. Nilikuya kurudisha."

Akatoa chini ya sweta chupa ya kahawia. Niliitambua kabla haijafika kwenye mwanga. Sijaona chupa yetu ikirudi tangu nikiwa kijana! Unajua kumbukumbu inavyomfanya mtu kuwa mjinga? Nilimwona baba, niliona jagi, nilisikia harufu. Mikono ikanyooka yenyewe.

Nikaipokea.

Ilikuwa ya moto. Si ya moto kama kitu kilichokaa kifuani mwa mtu. Ya moto kama paji la uso wa mtoto mwenye malaria. Mzee akashusha pumzi ndefu, mabega yake yakashuka pamoja nayo.

"Aksanti," akasema. "Aksanti sana, mwana wa farmasi."

"Ni chupa ya nani, muzee?"

"Ya Kakule, wa Alimbongo, kule kwa miti ya sipre. Baba yako ndiye alinipatiaka."

Niligeuka kutafuta pengo kwenye rafu. Chupa iliingia katika kitundu cha kwanza nilichojaribu, sawasawa, kama jino. Nilipogeuka tena, kaunta ilikuwa tupu. Nikatazama sakafu. Viatu vyangu mwenyewe vilikuwa vimeacha alama tangu nilipomsindikiza Masika barazani, ziko pale. Za mzee hazikuwapo. Mtu aliyetembea katika tope la Kimemi wakati wa mvua, akasimama juu ya nta ya Masika, hakuacha hata chembe.

Nikakimbilia barazani. Pale hukaa mama mmoja anayechoma mahindi, rafiki wa dada yangu.

"Mama, yule muzee amepita wapi?"

"Muzee gani?"

"Aliyetoka humu sasa hivi."

"Mimi niko hapa tangu mvua ilianza. Hakuna mutu aliingia, na ni Masika tu alitoka. Lakini uko sawa? Kamata hindi, ni njaa inakuonyesha bazee."

Sikumwamini. Anakula sahani moja na Masika. Angeweza kusema lolote aliloambiwa. Nilirudi ndani nikiwa na hasira zaidi ya hofu, na kabla sijakaa, nikakohoa.

Kikohozi kile nitakueleza kilivyo. Mara mbili kifupi, kavu, kama mtu anayekwaruza kiberiti kilicholowa. Kisha filimbi nyembamba mwishoni, pumzi ikirudi ndani. Nilikuwa sijaumwa kifua maisha yangu yote, hata mashimoni Mambasa.

Masika aliporudi alinikuta nakohoa. Sasa pima mwenyewe: dada anayemkuta mdogo wake anakohoa hivyo, anatazama wapi kwanza? Yeye alitazama rafu. Moja kwa moja, kwenye kitundu kile. Ndipo akanitazama mimi.

"Ulipokea?"

"Nilipokea nini?"

"Usinichezee, mudogo. Uliuliza?"

Nikakohoa. Akakaa juu ya kiti cha wagonjwa na kitenge chake kizuri kilicholowa, akajishika shavu.

"Hukuuliza," akasema. "Mungu wangu. Hukuuliza."

Alihuzunika, sikatai. Lakini hakushangaa, na jambo hilo liliniuma kuliko kikohozi. Nilimwambia usoni kwamba ni yeye aliyepanga yote, mzee na mahindi na kila kitu. Alisema, "Na kikohozi nilikupangia pia? Nilikinunua soko gani?" Niliikunja karatasi ya Paluku nikaitia mfukoni. Lakini niliapa kwamba kabla ya kutia sahihi au kukataa, nitamtafuta huyo Kakule nimshike kola.

Wakati ule barabara ya kusini ilikuwa bado inapitika. Nilipanda gari mpaka Lubero, kisha moto, baridi ikinikata masikio, mashamba ya viazi na vitunguu pande zote. Alimbongo niliuliza nyumba ya Kakule penye miti ya sipre, wakanionyesha bila shida. Nilitegemea mojawapo ya mambo mawili: ama hakuna mtu wa jina hilo mahali pale, na hapo Masika amenidanganya, ama wataniambia amekufa zamani na kunionyesha kaburi, kama katika visa vyote unavyovijua.

Nilimkuta analima.

Kofia ya sufu. Sweta ya kijani, kiwiko cha kushoto kimetoboka. Uso ule ule. Alinyanyua jembe na kulishusha kama kijana, akiimba kidogo puani. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni, akanikaribisha vizuri, tukaingia ndani. Mke wa mwanawe akaleta chai ya maziwa. Mama huyo alikuwa na furaha isiyotulia.

"Umetukuta na baraka, baba. Huyu muzee alikuwa wa kufa. Tangu nilioleka hapa sijamuonaka bila kukohoa. Mavuno ya mahindi yote alikuwa kitandani, tunamugeuza sawa mutoto. Kisha siku ile ya ukungu mukubwa, alasiri, akaamuka tu. Akaomba viazi!"

"Siku ile ya ukungu," nikasema, "hakutoka kwenda Butembo?"

Akacheka mpaka akafunika mdomo. "Butembo? Hata choo tulikuwa tunamubeba!"

Nikataka kumweleza, na hapo kikanijia. Mara mbili kavu, kisha filimbi.

Mzee aliweka kikombe chini. Taratibu sana. Furaha ya yule mama ilizimika, akawa anamtazama mkwe wake, ananitazama mimi.

"Ile kikohozi," mzee akasema, "mimi naijua."

"Uliniletea mwenyewe, muzee. Ndani ya chupa ya baba yangu."

"Chupa ilikuwa chini ya kitanda," akasema mama kwa sauti ndogo. "Ilipotea. Tulisema ni batoto."

Nilimkazia mzee macho. Je, alikuwa anadanganya? Nimeshaishi na waongo, migodini na mipakani, nawajua. Hakuwa na macho ya mwongo. Hakuwa na macho ya asiye na hatia pia. Alikuwa na macho ya mtu aliyetua mzigo mzito njiani, na sasa anaona mtu anakuja mbio nyuma yake, anamwita: baba, umesahau kitu.

"Baba yako aliniuliza kila mara," akasema. "Kila mara nilijibu, bado. Nilizeeka na ile neno."

Akainuka. Wakanijazia mfuko wa viazi, viazi vizuri, vya mbegu. Mlangoni nilinyoosha mkono kuaga. Mzee hakuushika. Mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma ya mgongo.

"Usirudi hapa, mwanangu," akasema. "Nakuomba."

Baada ya hapo nilijaribu mambo ambayo wewe pia ungejaribu. Nilichukua chupa nikaenda nayo Beni, nikijiambia kwamba nyumba ndiyo yenye matatizo, si mimi. Kabla hatujafika nusu ya njia nilikuwa siwezi kuvuta pumzi. Kwenye kizuizi askari alinisogelea kutaka vitambulisho, akanisikia, akaruka nyuma. "Tika ye aleka! Azali kobela!" akapiga kelele kwa Kilingala: mwacheni apite, anaumwa! Abiria wote wakafungua madirisha. Beni walinipiga picha ya kifua, na daktari akaiinua kwenye mwanga akasema mapafu yangu ni safi, yanang'aa, pengine ni mawazo. Mawazo! Usiku ule niliketi kitandani mpaka asubuhi nikipiga filimbi kama birika.

Niliiacha chupa Beni kwa jirani, ndani ya katoni, nikarudi Butembo bila kumwambia kilichomo. Hali ikawa mbaya zaidi. Nilipoifuata na kuirudisha kwenye kitundu chake, katika rafu ya baba, kikohozi kikapungua palepale. Kikawa hiki unachokisikia: kidogo, cha heshima, kinachokaa kwenye kiti chake. Ndipo nilipoelewa bei yake. Chupa inataka rafu ile. Rafu inataka ukuta ule. Na mimi siwezi kuwa mbali na chupa.

Nilimpigia Paluku nikamwambia hapana. Alinitukana kwa lugha zote alizojifunza sokoni, kisha akauliza Masika amenilisha nini. Ni swali zuri. Nimelifikiria sana. Nani amefaidika? Nyumba imesimama, hakuna etaji. Dada ambaye aliogopa kuzeeka peke yake sasa ana mdogo wake mezani kila jioni, mtu aliyeshindwa kukaa mahali pamoja tangu ujana. Anapangusa rafu kila asubuhi, kitundu kwa kitundu, na kimoja hukiruka. Nikimuuliza, anajibu lile lile: "Nilikuambia kabla ya kutoka." Ananiwekea maji ya tangawizi, ananifunika blanketi. Dada mwema. Lakini mimi namwangalia mikono.

Siku hizi wanapita watu wenye kamera, wanaosema nyumba kama hii ni urithi wa mji, haifai kubomolewa, wanapiga picha nguzo na mizani. Nakubaliana nao. Mmoja wao, kijana mpole mwenye miwani, alisimama muda mrefu mbele ya rafu, akaniuliza kama naweza kumwachia chupa moja, ya kumbukumbu tu. Macho yake yalikuwa juu ya ile. Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka, kiganja juu. Hakuuliza kama nimepona. Hakuna anayeuliza tena, watu wanapenda tu vitu vya zamani.

Niliishusha. Ilikuwa ya moto mkononi mwangu. Kati ya vidole vyake na chupa palikuwa na nafasi ya kupitisha karatasi.

Masika aliingia kutoka nyuma. "Ile haiko ya kuuzisha," akasema, na yule kijana akacheka, akaomba radhi, akaenda zake akiwa mzima. Hajui.

Kwa hiyo sikia, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Kama unakaa Butembo au Beni, kama unauza dawa, au unapenda tu kununua vitu vya wazee sokoni: siku mtu akikuletea chupa nzito ya kahawia, weka mikono nyuma. Muulize kwanza kama amepona. Usiogope kuonekana mjinga, baba yangu alionekana hivyo maisha yake yote na alikufa na kifua safi. Akijibu "Bado," mfungulie mlango atoke nayo.

Fanya hivyo hata kama ni mzee wa heshima. Hata kama ni mtu wa makamo, msafiri, mwenye maneno matamu juu ya nyumba ya baba yake na kikohozi kidogo tu, mara mbili, na filimbi. Huyo hasa. Mimi siku hizi najizuia, lakini ukungu wa kwetu ni mrefu, na barabara ya Beni bado inaniita.